Baa ya jirani na usingizi wangu

Najua nimewatupa wiki mbili nzima. Mnisamehe, UE zilinikaba koo.

Kama mnavyojua, muhula huu nilikosa chumba hosteli nikapanga Sinza, uani kwa mama mmoja mtu mzima. Chumba kizuri, bei inaendana na bumu, ila ukuta wa nyuma tunachangia na baa. Mwanzoni niliona raha, burudani ya bure! Ikaja wiki ya mitihani. Saa nane za usiku besi inagonga mpaka sufuria zinatikisika, na mimi nina desa la takwimu mkononi, pepa saa mbili asubuhi. Nikaziba masikio na pamba. Wapi! Besi inapita ukutani hadi kitandani.

Kwa hasira nikaacha takwimu nikaanza kusoma habari za kelele (akili za mwanafunzi hizo). Kumbe Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilishauri kelele za mfululizo chumbani usiku zisizidi desibeli 30. Halafu desibeli hazihesabiwi kama nyanya sokoni: zikiongezeka 10 tu, sikio linaona sauti imekuwa kubwa maradufu. Na Tanzania tuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nikasema aha, nimewapata! Nilipotoka kwenye pepa nikamfuata mama mwenye nyumba, twende wote serikali ya mtaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, uliamkaje?"

"Nilalie wapi mama, na kelele zile?"

"Kelele zipi?"

Nikadhani ananitania. Akanionyesha ndoo ya viazi aliyokuwa anamenya. Kumbe chipsi zinazouzwa pale mlangoni kwa baa ni zake, na ndizo zinazosomesha wajukuu wake wawili. "Mwanangu, mimi pakiwa kimya ndipo sipati usingizi. Kimya maana yake wateja hakuna."

Nikaishiwa maneno. Na huyu huyu mama, kigodoro cha mtaa wa pili kilimkera mpaka akawafuata na kanga begani kuwagombeza! Ila nami nisijifanye malaika. Siku ya Simba na Yanga nilipiga kelele hall nzima ikasikia, sikujiuliza nani ana desa mkononi.

Serikali ya mtaa sikwenda. Mama mwenyewe alimwomba meneja waliondoe spika la besi kwenye ukuta wetu. Likahamia upande wa barabarani, sufuria zikatulia. Mziki bado nausikia, lakini nalala.

Kinachonisumbua sasa ni dada wa chumba cha pili, ana kichanga na hauzi chipsi. Miezi yote hii hajalalamika, na hakuna aliyemuuliza. Hata mimi, wadau, na sheria zangu zote.

Kesho namgongea. Pepa ya takwimu matokeo bado, nikipata sup mtajua sababu. Mtaani kwenu mnafanyaje? Ngoja nikalale, Jumatatu baa huwa imepoa.