Herufi Moja Katika Kanda

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja, chombo cha muziki hakikuwekwa popote tu. Kilipewa pahali pa heshima sebuleni, mgeni akiingia akione kabla hajaketi. Lilianza gramafoni. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake, na santuri ziliporudi, watu ambao hawakuwahi kuhudhuria hafla yake walimsikia wakiwa wamekaa mikekani kwao, dakika tatu hivi kwa kila upande, kisha santuri ikageuzwa. Baada ya gramafoni ikaja redio, na baada ya redio ikaja deki ya kanda. Vyombo vilipokezana, lakini kilichotafutwa ndani yake kilibaki kilekile, nacho ni maneno. Msikilizaji wa taarabu ya asili husamehe udi uliolegea uzi, wala hasamehi neno lililomezwa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wa Malindi alikuwa miongoni mwa wasikilizaji wa namna hiyo. Chombo chake kilikuwa cha kawaida: amplifaya ya watt 20 kwa kila upande, deki ya kanda na spika mbili za mbao. Kanda alikuwa nazo nyingi, lakini moja aliitunza ndani ya kopo la biskuti, mbali na unyevu na chumvi ya bahari. Ilirekodiwa katika miaka ya sabini kwa maikrofoni moja, nyumbani kwa marehemu baba yake, usiku ambao rafiki zake waliimba utungo wake. Baba alikuwa mshairi. Alizaliwa Amu, akaja Unguja angali kijana, akaoa na kuzikwa hapo. Aliandika tungo zake kwa hati za Kiarabu katika daftari, na ukurasa wa utungo ule ulikwisha kuliwa na mchwa. Kilichobaki ni kanda peke yake.

Mwalimu alipokuwa akiitayarisha diwani ya baba yake ili ipelekwe kwa mpiga chapa, alikwama kwenye kibwagizo. Yeye na ndugu zake walikuwa wamekijua tangu utotoni hivi: *Nami si wa kumpata*. Utungo wote unamzungumza njiwa, na kibwagizo hicho kilionekana kuwa kilio cha mtu aliyempenda asiyekuwa wake. Watu wa mtaani walikifahamu hivyo pia, na kulikuwa na minong'ono kwamba kabla ya ndoa yake baba aliacha moyo wake Amu. Watoto walikumbuka jambo jingine, ambalo hawakulizungumza hadharani: kila kanda hiyo ilipopigwa, mama yao aliinuka akaenda uani, na hakurudi mpaka wimbo umekwisha. Walikua wakiamini kwamba wimbo ule ulimuumiza. Mama alifariki bila ya mtu kuthubutu kumuuliza.

Shangazi yao, aliyehamia Unguja uzeeni, ndiye aliyeitia shaka imani hiyo. Alisomewa mswada, na msomaji alipofika kwenye kibwagizo akainua mkono. "Babako hakunena hivyo," akasema. "Alinena *si wa kumuata*." Katika Kiamu, kuata ni kuacha. Tofauti ya maana ni kubwa kama mbingu na ardhi: mmoja analia kwamba hatompata, na mwingine anaapa kwamba hatomwacha. Lakini kwa kanuni za ushairi maneno yote mawili yanafaa. Ukihesabu mizani, kila moja linatimiza nane. Ukitazama kina, yote yanaishia na *ta*. Arudhi haikuweza kuamua. Kanda ndiyo iliyobaki kuwa shahidi, na kanda ikisikilizwa ilitoa mvumo uliokuwa baina ya hili na lile.

Ndipo Mwalimu alipoamua kuboresha chombo chake. Alichukua akiba ya miezi mingi akanunua amplifaya ya watt 100 na jozi ya spika ndefu zenye besi ya inchi 12. Akazisimamisha pembeni, kila moja katika kona yake, kama walinzi. Jioni ya kwanza jirani wa ghorofa ya chini alidhani pana harusi. Dumbak lilitingisha vikombe kabatini. Ila kibwagizo kilipofika, neno lilikuwa limezama zaidi kuliko awali.

Kosa lake ni kosa la wengi. Mtu asiposikia vizuri hudhani amepungukiwa na nguvu. Lakini nguvu ya amplifaya haiongezi usikivu kwa hesabu ya dukani. Watt zikizidishwa mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu, nguvu inahitaji kuzidishwa kiasi cha mara kumi. Na spika ikiwekwa konani, kuta mbili na sakafu hushirikiana kuikuza besi, na besi ikizidi huifunika sauti ya mwimbaji.

Fundi wa redio aliyeitwa hakugusa amplifaya. Alifungua deki kwanza. Akasafisha kichwa cha kusomea kanda kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka na rangi ya kutu. Kisha akaingiza bisibisi nyembamba kwenye skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa hicho, akaigeuza polepole huku wimbo unapigwa. Kichwa kilikuwa kimeinama, na kichwa kikiinama sauti nyembamba hupotea: sini, kafu na mikwaruzo ya uzi. Ghafla ukucha wa mpiga udi ukasikika. Deki ambayo Mwalimu alikuwa karibu kuitupa ndiyo iliyokuwa na dawa ya nusu ya ugonjwa, na dawa yenyewe ilikuwa robo ya mzunguko wa skrubu.

Nusu ya pili ilikuwa katika chumba. Nyumba ya Mji Mkongwe ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba vyake umefuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, yaani mita tatu hivi. Ni chumba chembamba, kirefu, chenye dari ya juu na kuta nene zinazotazamana. Sauti ikitolewa humo hairuhusiwi kuondoka. Hupigwa ukuta huu ikarudishwa na ule. Kwa kisomo cha Qurani chumba hicho ni neema, kwa kuwa humpa msomaji mwangwi. Kwa spika mbili kubwa ni balaa.

Na hapo ndipo siri ya herufi ilipojificha. Mtu anapotamka *p* hufunga midomo, na kwa kitambo kisichozidi sana sehemu ya kumi ya sekunde sauti hukatika kabisa. Herufi hiyo kwa kweli ni kimya kinachofuatwa na mpasuko. Katika *kumuata* hakuna kimya hicho. Sauti hutiririka kutoka *mu* kwenda *a* bila ya kukatika. Basi aliyetaka kuyabagua maneno hayo alihitaji kusikia kama kimya kipo au hakipo. Na chumba kinachovuma, pamoja na besi nzito inayochelewa kutulia, hukijaza kila kimya. Kwa miaka yote hiyo Mwalimu alikuwa akitafuta sauti zaidi, na haja yake ilikuwa kimya.

Fundi alimletea jozi ya spika ndogo zilizotumika, zenye koni ya inchi sita na nusu. Ukingo wa sponji unaoishika koni ulikuwa umeoza, kama unavyooza katika hewa ya pwani, akaubadilisha kwa wa mpira. Wakaziweka spika mbali na kona, hatua moja kutoka ukutani, juu ya viti, twita zikiwa usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Zulia likatandikwa juu ya sakafu tupu, mapazia mazito yakatundikwa, na rafu ya vitabu ikahamishiwa ukuta wa nyuma. Kazi hiyo yote iligharimu chini ya spika moja kati ya zile ndefu, ambazo baadaye zilipelekwa kwa mpwa wake anayekodisha vyombo vya harusi.

Usiku wa Ijumaa wakaketi: Mwalimu, ndugu zake wawili, na shangazi katika kiti cha mkono. Sauti iliwekwa ya chini, kiasi cha mtu kuzungumza na mwenziwe. Ubeti wa kwanza ukapita. Kabla ya waitikiaji hawajapokea, mwimbaji alikitamka kibwagizo peke yake, na udi ukamngojea. Hapakuwa na mkato. Mdomo haukufungwa. Wakarudisha kanda mara tatu, na mara zote tatu neno lilitiririka: *kumuata*.

Kitambo hakuna aliyesema. Kisha Mwalimu akauliza swali lililobaki. "Sasa shangazi, mama alikuwa akikimbia nini?"

"Haya, mwanangu," bibi akajibu. "Mke atakaaje kitako akisifiwa na mumewe mbele ya wageni na watoto wake?"

Asubuhi yake Mwalimu alichukua kalamu akakifuta kibwagizo katika kila ubeti, beti kumi na mbili, akaandika upya. Pambizoni akaongeza maelezo mafupi kwa wasiojua Kiamu: kuata, kuacha. Kisha akairudisha kanda ndani ya kopo lake.