Tuta halikuwa na kosa

Binti yangu ana alama ndogo juu ya nyusi ya kushoto. Ukimtazama haraka huioni. Yeye mwenyewe hakumbuki aliipataje, maana alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Wanaoniuliza huwa nawajibu hivi: "Alianguka kitandani."

Si kweli. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kila wiki nawahimiza wazazi wa watu wengine wawaambie madaktari ukweli. Wa kwangu nimeuficha kwa zaidi ya mwaka, na leo nauandika hapa kwa sababu nadhani siko peke yangu.

Siku hiyo tulitoka kwenye ubarikio wa mtoto wa ndugu, Dar es Salaam. Mume wangu alikuwa safarini Dodoma kikazi. Aliyeturudisha nyumbani Tegeta ni mjomba wangu, mdogo wake mama, mtu aliyenilipia ada tangu kidato cha tano hadi nilipovaa joho chuo kikuu. Mjomba ni mtu wa magari. Na siku hiyo mjomba alikuwa amekunywa.

Nilijua. Nilizihesabu chupa: tano.

Kijiwe cha magari

Ili unielewe, lazima nikupeleke kwanza kijiweni kwao. Kila Jumapili alasiri, Mjomba na wenzake hukutana sehemu ya kuoshea magari huko Sinza. Kama zilivyo nyingi jijini, ni baa vilevile. Gari linaoshwa upande huu, nyama inachomwa upande ule, na katikati mabishano hayaishi.

Nimekaa nao mara nyingi na nakiri nimejifunza. Siku moja mzee mmoja mwenye Land Cruiser ya zamani alisema magari ya siku hizi ni makopo, ukiligonga kidogo tu linakunjamana. Fundi wao, kijana mpole anayekunywa soda tu, akamjibu: "Mzee, linakunjamana ili wewe usikunjamane."

Kisha akaeleza. Sehemu ya mbele ya gari la kisasa imebuniwa ibonyee kwa makusudi ili imeze nguvu ya ajali kabla haijawafikia waliokaa ndani. Gari lisilobonyea huipitisha nguvu hiyo moja kwa moja hadi kwenye mifupa ya abiria. Alieleza pia kuwa mkanda tunaoufunga leo, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie.

Kuhusu sheria hawana jema. Tochi ni mtego, trafiki anajificha nyuma ya mti, kibao cha 50 kimewekwa mahali pasipo na hata nyumba, na faini ni mradi. Hulalamika pia kuwa magari kutoka Japani yamefungwa yasivuke kilomita 180 kwa saa, kana kwamba kuna mahali hapa mjini pa kuzikimbiza hizo 180.

Inapofika zamu ya pombe, wanaume hawa wanaojua kila kitu hugeuka ghafla. Mmoja husema, "Mimi nikipata mbili tatu ndiyo naiona barabara vizuri." Mwingine husema supu ya moto inaikata. Mjomba husema anayelewa ni asiyejua kuendesha.

Wanajua upepo wa kila tairi, unene wa breki na umri wa mkanda wa injini. Kitu pekee ndani ya gari ambacho hawakipimi ni dereva.

Safari ya Tegeta

Mjomba ana Subaru Forester. Ukiiwasha, sauti ya mwanamke hutoka kwenye redio ikizungumza Kijapani, kama ilivyo kwenye magari mengi tunayoyaagiza. Mjomba humjibu kila mara, "Marahaba, mama." Jioni ile aliitikia kwa sauti kubwa kuliko kawaida, sote tukacheka.

Nilikaa mbele, binti nikampakata. Mkanda niliuvuta, nikaona unambana mtoto, nikauachia. Niliwaza kusema, "Mjomba, tuite teksi." Maneno yakafika mdomoni yakarudi. Ningemwambiaje mtu aliyeuza kiwanja nikasoma kwamba simwamini na usukani?

Barabara ya Bagamoyo ilikuwa na magari ya wastani. Mjomba alikuwa akisimulia jambo, mkono mmoja juu ya usukani. Tulipoacha lami kubwa na kuingia barabara ya mtaani kwetu, kuna tuta. Lipo miaka yote, na Mjomba amelipita mara zisizohesabika. Siku ile hakuliona. Alipoliona alikanyaga breki yote, gari likaruka, nasi tukaenda mbele.

Mikono yangu ilikuwa imemshika mtoto kwa nguvu zote nilizonazo. Haikutosha. Paji lake likagonga dashibodi.

Nyuzi mbili. Muuguzi wa zamu aliniuliza kwa upole, "Imekuwaje, mama?" Mjomba alikuwa amesimama mlangoni akitazama sakafu. Nikasema, "Ameanguka kitandani." Muuguzi akaandika.

Njiani kurudi Mjomba alisema neno moja tu: "Lile tuta halina hata alama." Nami nikaitikia, "Kweli, Mjomba." Tukalibebesha tuta kesi yetu.

Gari tumeagiza, sheria tumeiacha

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nikiandaa makala kuhusu ajali za barabarani. Takwimu nilizijua. Shirika la Afya Duniani linasema ajali hizo huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndiyo sababu kuu ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kilichonisimamisha ni habari ya Japani, huko huko yanakotoka magari ya kijiwe cha Mjomba.

Agosti 2006, katika mji wa Fukuoka, dereva aliyekuwa amekunywa aliligonga kwa nyuma gari la familia moja lililokuwa likivuka daraja. Gari lilianguka baharini. Wazazi walinusurika. Watoto wao watatu, mkubwa akiwa na miaka minne, walikufa.

Nchi ile ilitikisika, na mwaka 2007 sheria ikakazwa. Tangu hapo, anayeadhibiwa si dereva peke yake. Aliyempa pombe akijua ataendesha ana kosa. Aliyempa gari ana kosa. Na abiria anayejua kuwa dereva amelewa, kisha akamwomba amfikishe nyumbani, naye ana kosa, na adhabu yake inaweza kufika miaka 3 jela.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Abiria anayejua. Nilikuwa nimezihesabu chupa tano.

Kule kuna hata madereva wa kukodi ambao kazi yao ni kuja baa, kukuendesha wewe na gari lako hadi nyumbani, kisha wenzao wanawachukua. Sisi tumeagiza gari, rimu, redio na yule mama wa Kijapani. Mazoea yanayokwenda nalo tumeyaacha bandarini.

Hapa kwetu sheria inaruhusu hadi miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu kwa dereva wa gari binafsi. Shirika la Afya Duniani linashauri isivuke 50. Japani wanaanza kuhesabu kosa kwenye 30 hivi. Ulaya nako, tangu Julai 2024, kila gari jipya lazima liwe limeandaliwa kufungwa kifaa kinachozuia injini kuwaka mpaka dereva apulize na kuonekana hana pombe. Wabunifu wa magari wamekubali kwamba dereva naye ni sehemu ya gari inayoweza kuharibika.

Supu haikati pombe

Hapa naomba nivae koti langu la kazi kidogo.

Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye kileo cha asilimia 5, ina takriban gramu 20 za kileo. Ini la mtu mzima huondoa kati ya gramu 7 na 10 hivi kwa saa. Maana yake chupa moja huhitaji saa mbili au zaidi kutoka mwilini. Kahawa, supu, maji baridi na usingizi mfupi haviliharakishi ini. Kula kabla ya kunywa hupunguza kasi ya kileo kuingia kwenye damu, lakini ukishakinywa, kitaingia.

Fanya hesabu nyepesi. Baba aliyekunywa chupa sita Jumapili, akalala saa tano usiku, anaweza kuamka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kileo kikiwa bado kwenye damu. Hayumbi wala haropoki. Anachukua ufunguo na kumpeleka mtoto shule.

Na mikono ya mama? Mtoto asiyefungwa mkanda kwenye gari linalogonga likiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa anarushwa mbele kwa nguvu sawa na ya kudondoka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Hakuna mzazi anayeweza kumdaka. Kwenye kiti cha mbele kuna pia mfuko wa hewa unaofumuka kabla hujapepesa jicho. Umetengenezwa kwa ajili ya kifua cha mtu mzima, si kichwa cha mtoto.

Siku niliyodai ufunguo

Nafasi ya kurekebisha ilikuja Pasaka. Familia ilikusanyika kwa mama, Mjomba akafika na Forester, chupa zikafunguliwa. Jioni akasimama na kusema, "Mwanangu, njooni niwafikishe."

Moyo ulinienda mbio kuliko siku ya mtihani wa mwisho. Nilipiga goti, nikasema, "Mjomba, nakuomba ufunguo. Leo hatutapanda, na wewe usiendeshe. Ile alama ya mtoto si kitanda. Na wala si tuta."

Ukumbi ulinyamaza. Mama alinitazama kama amenisikia nikitukana. Mjomba hakusema kitu. Aliweka ufunguo mezani, akatoka nje, akapanda bodaboda akaenda zake bila kuaga.

Kwa wiki tatu hakupokea simu yangu. Shangazi mmoja alinitumia ujumbe kuwa elimu imenipa kiburi. Nililia, sikatai. Lakini kila nilipotaka kuandika "nisamehe, Mjomba," nilimtazama binti nikaishia kuandika "shikamoo, Mjomba" tu.

Aliyekuja kwanza alikuwa yule fundi wa kijiweni. Alisema ametumwa kulichukua gari. Kabla ya kuondoka alifungua mlango wa nyuma, akaingiza vidole kwenye upenyo kati ya kiti na mgongo wake, akaniita nishike. Mle ndani mna vyuma viwili vidogo. "Hapa ndipo kiti cha mtoto kinapong'atia," akasema. "Magari mengi ya Japani ya miaka hii yanavyo. Watu wananunua gari, wanakaa nalo miaka mitano hawajui." Kisha akaongeza, akitazama pembeni, "Mzee ndiye ameniambia nikuoneshe."

Kama unalo gari, mzazi mwenzangu, leo ingiza vidole vyako hapo. Ukivikuta, mnunulie mtoto kiti kinachoendana navyo na umri wake. Usipovikuta, vipo viti vinavyofungwa kwa mkanda wa kawaida. Kwa vyovyote, mtoto akae nyuma na asipakatwe mbele.

La pili, amueni nani ataendesha kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa. Ukisubiri hadi muda wa kuondoka, unabishana na pombe badala ya mtu, na mtu mzima aliyekunywa mbele za watu hawezi kukubali kirahisi. Fedha ya teksi au bajaji itengwe mapema kama inavyotengwa ya zawadi.

La tatu ni gumu zaidi kwetu tuliolelewa kwa heshima. Kumnyima mkubwa ufunguo si kumvunjia heshima. Mimi nilimheshimu Mjomba kwa kunyamaza, na mtoto ndiye akashonwa.

Mwezi uliopita tulikuwa na hafla nyingine ndogo nyumbani. Saa nane mchana nilisikia bajaji ikisimama getini. Akashuka Mjomba, shati limejaa vumbi, kreti la soda mkononi. Binti akamkimbilia, akamwamkia.

"Marahaba," akasema, akigeuka kuitazama bajaji kwa dharau ya mtu wa magari. "Chombo gani hiki? Hakina mlango, hakina mkanda, hakina hata mama wa kukusalimia."

Jioni aliita nyingine akaondoka, bado akilalamika. Nilimsindikiza hadi barabarani. Hatujazungumza kuhusu ile siku, na sijui kama tutazungumza. Lakini bajaji ilipofika kwenye tuta, nilimwona akimgusa dereva begani. Ikapunguza mwendo, ikapanda taratibu, ikashuka.