Upondo Katika Mto Cam

Wahenga walinena kuwa ajuaye mengi ni aliyetembea. Waama, yuko pia atembeaye mbali akakuta huko aendako kile alichokiacha kwao. Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya watu watano iliyotoka Luton, Uingereza, asubuhi ya Jumatatu ya mwisho ya Agosti 2023, siku ya mapumziko nchini humo, kwenda kulitalii jiji la Cambridge.

Baba, mzaliwa wa Lamu, alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule ya upili nchini Kenya kwa miaka 12 kabla ya kumfuata ughaibuni mkewe, ambaye ni muuguzi. Sasa alikuwa akifanya kazi ya zamu katika bohari. Binti yao alikuwa na umri wa miaka 13, na mdogo wake wa kiume, miaka 9. Wa tano alikuwa bibi, mamake baba, aliyekuja kuwatembelea tangu Juni. Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa arejee kwao.

Katika miezi hiyo yote, bibi na mjukuu wake wa kike walikuwa wakilala chumba kimoja kama wageni wawili waliokutana safarini. Binti alikielewa Kiswahili lakini hakukinena. Si kwamba hakuwahi. Alipokuwa mdogo alikisema bila woga, na kila aliposema, baba alimsahihisha. Akisema "kiti yangu", aliambiwa "kiti changu". Akisema "mti kubwa", sentensi ilisimamishwa hadi mti upate kiambishi chake. Baba alisahihisha kwa mapenzi, na kwa hofu ya mtu anayeona lugha ikimponyoka mwanawe. Lakini mtoto aliyahesabu makosa, hakuyahesabu mapenzi. Hatimaye alihamia kwenye Kiingereza, ambako hapakuwa na wa kumkatiza, na nyumbani hakuna aliyeitaja siku aliyonyamaza.

Waliliacha gari katika maegesho ya nje ya jiji, wakaingia kwa basi. Baba aliongoza msafara kama aliyerudi darasani. Aliwaeleza kwamba chuo kikuu hicho kilianzishwa mwaka 1209 na wanazuoni waliokimbia ghasia za Oxford. Aliwaonyesha kanisa la Chuo cha King's, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1446 na ambalo dari lake la mawe limetandazwa mfano wa mapepeo. Bibi alilitazama dari hilo kwa muda mrefu, kisha akauliza iwapo mafundi wake walitajwa popote. Baba hakuwa na jibu.

Hata hivyo, jengo alilolikusudia baba lilikuwa jirani: Senate House, lililokamilika mwaka 1730, ambamo wahitimu hutunukiwa shahada zao. Walisimama nje ya uzio wa chuma. Humo, alisema baba, ndimo David Livingstone alimohutubia tarehe 4 Desemba 1857, akiwahimiza wasomi waende Afrika. Kutokana na wito huo iliundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo ilihamia Unguja mwaka 1864. Miongoni mwa waliofika huko mwaka huo alikuwa Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Kiswahili alichokichunguza kilikuwa Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifishwa, Kiunguja ndicho kilichoteuliwa, na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kukisimamia.

"Na Kiamu?" bibi aliuliza.

"Kiamu hakikuchaguliwa, mama."

"Basi waliketi wakaamua, nasi tuko Amu twasema."

Bibi hakusema hivyo kwa uchungu, alicheka. Lakini baba hakucheka. Alikumbuka daftari lake la darasa la tano, alipoandika neno "ndoo" akikusudia "njoo", kama lisemwavyo kwao. Mwalimu alilizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni kuwa ndoo ni ya kutekea maji. Darasa zima lilicheka. Tangu siku ile alijifunza kuwa na ndimi mbili, wa shuleni na wa kwa mamake, na ule wa pili hakuwapa wanawe hata kidogo.

Binti, aliyekuwa akisoma katika simu yake, aliinua macho akasema kwa Kiingereza kwamba wanawake walianza kusoma Cambridge katika karne ya 19, ilhali chuo hakikuwapa shahada kamili hadi mwaka 1948. Baba alitafsiri. Bibi alitabasamu: huo ndio mwaka aliozaliwa yeye. Shule ya serikali hakuiona kamwe, ila Kiswahili alikisoma na kukiandika kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa chuoni.

Adhuhuri iliwakuta katika barabara ya Mill Road, kwenye msikiti uliofunguliwa mwaka 2019, ambao nguzo zake za mbao hupanda na kutanuka juu mithili ya matawi ya miti. Bibi na mjukuu walisimama bega kwa bega wakiyasema maneno yale yale. Mama mtu aliwatazama, akawaza kuwa hayo ndiyo maneno pekee waliyokuwa nayo kwa pamoja.

Alasiri walirejea mtoni. Katika Mto Cam hukodishwa mashua ndefu, bapa, zisizo na mkuku, na mwendeshaji husimama nyuma akizisukuma kwa mti mrefu. Baba alikataa kumlipa kijana wa kuwaendesha. Yeye ni mtu wa Lamu, alisema. Aliusahau ukweli kwamba alipelekwa shule ya bweni bara angali mdogo, na vyombo alivipanda kama abiria tu.

Hawajafika mbali, mti ulizama matopeni. Baba akauvuta, mti ukakataa, mashua ikaendelea kwenda, naye akabaki amejinyoosha katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Watoto wakapiga kelele.

"Usiuvute!" bibi alimwambia mwanawe. "Uzungushe kwanda!"

Baba alizungusha, na mti ukatoka. Kicheko kikawajaa wote. Bibi akaunyoshea kidole ule mti: "Upondo huo."

Binti aligeuka. "Upondo?"

"Upondo, mwanangu." Akamsimulia jinsi babu yake alivyoupitisha mkondo wa Mkanda na dau lililojaa boriti za mikoko, upepo ukikosekana na mai yakipwa, bila kitu ila upondo. Alisema polepole, mikono yake ikisukuma hewa. Baba alitaka kutafsiri. Mkewe akamgusa goti.

"Mimi nataka upondo," binti akasema.

Baba alimpisha. Kwa muda wa nusu saa bibi alielekeza na mjukuu akajibu: kushoto, kulia, zungusha, toa. "Upondo nzito," alisema binti. "Mkono yangu inauma." Ngeli zilianguka moja baada ya nyingine majini, na baba, aliyeketi mbele ya mashua akiwa ameipa sentensi kila moja mgongo, alizisikia zote. Hakuokota hata moja. Wakapita chini ya daraja la mbao la Chuo cha Queens' lililojengwa kwanza mwaka 1749, na kila sentensi ilifuatwa na nyingine.

Walipotia nanga, binti aliruka wa kwanza, akageuka na kumnyoshea bibi mkono.

"Bibi, ndoo."

Baba alifungua kinywa. Akakifunga. Bibi akaushika ule mkono, akapanda ukingoni.