Yasmin Anahitaji Jioni Ngapi?

Mwaka 1995 BBC ilionyesha Pride and Prejudice, riwaya ya mapenzi ya Jane Austen iliyotoka 1813, kwa sehemu sita. Jumba la Bwana Darcy, kwa nje, ni Lyme Park, si mbali na hapa Manchester ninapoishi, na hadi leo watu wanamiminika kulitazama. Mimi kinachonigusa ni muda. Kwa zaidi ya saa tano Elizabeth, mhusika mkuu, anapewa nafasi ya kumchukia Darcy, kusoma barua yake, kujiona alikosea, kisha kumpenda taratibu.

Sisi tunayo riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, ikafika tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Ni filamu nzuri, nimeitazama mara mbili. Lakini saa moja na nusu haimtoshi Yasmin, mhusika wake mkuu. Binti mdogo anaozwa Raza, mzee wa kumzaa. Anamkimbia, mjomba anamfungia mlango, rafiki yake Mwajuma anampokea mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, ndipo anakutana na Denge anayesakwa na polisi wa wakoloni. Kila hatua hapo inadai jioni yake.

Julai niliyokwenda nyumbani Karatu, kwa shangazi, baridi ya Ngorongoro ilikuwa imeshuka mpaka sebuleni. Kila usiku majirani waliingia na vigoda vyao kufuata tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Usiku mmoja umeme ukakatika katikati.

"Haya, mwanangu, wewe uliyesoma, tusimulie ya kwako," akasema shangazi.

Nikaanza habari za Yasmin, riwaya tuliyoisoma kidato cha tano. Kesho yake umeme ulikuwepo, ila waliniambia niendelee. Usiku wa tatu ndiyo kwanza nimemfikisha mlangoni kwa Mwajuma, na mama mmoja pembeni yangu alishamlaani yule mjomba kwa Kiiraqw, mikono kichwani.

Kwa hiyo watazamaji tunao. Wasanii tunao pia. Huba na Jua Kali zimeonyesha kwamba tamthilia ndefu tunaiweza. Nawaomba wenye vituo vya televisheni: mchukueni mwandishi mzuri wa miswada, mpeni riwaya hii aisome bila haraka, kisha tupeni Yasmin kwa sehemu kumi na tatu. Likizo yangu iliisha kabla sijaimaliza hadithi, na shangazi bado ananiuliza kwenye simu.