Mafuta Yasiyoonwa na Mizani

Msomaji wangu, ukifika ufuko wa Dunga karibu na mji wa Kisumu wakati wa alfajiri, utazikuta mashua zikirudi na omena waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Samaki hawa, ambao ng'ambo ya ziwa huitwa dagaa, huanikwa juu ya nyavu, na jua likipanda harufu yao huenea kila mahali. Nilipokuwa mtoto niliichukia harufu hiyo. Nyanya yangu alinilazimisha kuwala pamoja na vichwa vyao vichungu, nami nikadhani ananitesa. Leo nasadiki kuwa alikuwa akinijenga ubongo, ingawa hakupata kusikia habari za asidi za mafuta maishani mwake.

Jambo lenyewe ni hili. Mwili waweza kutengeneza mafuta ya namna nyingi, lakini jamii mbili za asidi za mafuta, omega-6 na omega-3, hauwezi kuziumba. Sharti ziletwe na chakula. Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred walionyesha kwa panya kwamba kiumbe akinyimwa mafuta kabisa, ngozi yake huharibika na kukua kwake hukoma. Katika jamii ya omega-3 imo DHA, ambayo ubongo na macho ya mtoto hujengwa kwayo. Omega-3 ya mimea mwili huigeuza kuwa DHA kwa shida sana; samaki anayo tayari. Uji wa mahindi hauna. Tena mahindi yamejaa omega-6, na jamii hizi mbili hugombea vimeng'enya vilevile, kama mafundi wawili wenye nyundo moja.

Sasa mtazame mtoto aliyekondeana kwa utapiamlo, na kando yake mwenziwe aliyekonda vivyo hivyo, ambaye ana VVU. Mizani yaweza kuwapa uzito mmoja. Mizani haijui zaidi ya hapo. Kwa yule wa pili virusi huweza kudhuru utumbo, mafuta yakapita bila kufyonzwa, na homa za mara kwa mara zikateketeza hata yale yaliyokwisha kuingia. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtoto mwenye VVU anayepungua uzito huhitaji nguvu za chakula zaidi kwa asilimia 50 hadi 100. Dawa za kupunguza makali ya virusi ndizo nguzo ya tiba yake, lakini hazina mafuta ndani yake.

Tiba ya njaa kali ni ule mchanganyiko wa karanga, maziwa, sukari, mafuta na vitamini, uliobuniwa na Wafaransa André Briend na Michel Lescanne mwaka 1996. Umeokoa watoto wengi mno, nami sithubutu kuubeza. Hata hivyo karanga ina omega-6 tele, na omega-3 karibu hakuna. Jaribio la Kilifi, lililochapishwa mwaka 2015, liliwahusu watoto 60. Waliopewa mchanganyiko ulioongezwa omega-3 ya mimea peke yake hawakupata DHA ya kutosha. Waliopewa na mafuta ya samaki ndio DHA yao ilipanda.

Mafuta ya samaki! Nasi twakaa kando ya ziwa. Mbuta, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, hukatwa minofu ikapelekwa ng'ambo, na kwetu huuzwa vichwa na mifupa, ile iitwayo mgongo wazi. Omena wengi husagwa wakawa chakula cha kuku. Usiwe mwepesi wa kumlaumu mama muuzaji, msomaji: omena wakiliwa nyumbani ni mboga ya jioni moja, wakiuzwa ni unga wa siku kadhaa.

Safari yangu ya mwisho Dunga nilimwona mmoja wao akipima omena kwa gorogoro, mtoto mgongoni. Mtoto alinyosha mkono, akachukua samaki mmoja mkavu, akamtia kinywani. Mama hakumzuia. Aliendelea kupima hadi gunia likajaa, akalishona, kwa maana gari la watu wa kuku lilikuwa limekwisha kufika.