Baba Mkwe na Mfuko wa Dawa

Ukiolewa Tanga utazoea upesi: kabla hujamaliza kusema fulani anaumwa, jini keshatajwa. Mwaka jana zamu ikamfikia baba mkwe wangu, pale Ngamiani. Mzee wa miaka 74, mtu wa swala na gazeti, akaanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake. Usiku anaongea na watu wasioonekana. Mdomo mkavu, herufi hazioni, na haja ndogo haitoki kabisa. Mawifi wakataka ubani na kuku mweusi. Mume wangu kimya. Nami nilijua nikipinga sana nitaitwa mke mjuaji.

Tukampeleka hospitali kwanza. Daktari akauliza: mzee anatumia dawa gani? Wifi akamwaga mfuko mezani. Amitriptilini ya usiku, kwa maumivu ya miguu yanayoletwa na kisukari. Buscopan ya tumbo. Na Piriton, ambazo mzee alijinunulia dukani ili apate usingizi!

Jamani, hapo ndipo nilipopata shule. Mishipa ya fahamu huongea kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Inaingia kwenye vipokezi vyake kama ufunguo kwenye kitasa: mate yanatoka, kibofu kinajibana, jicho linasoma herufi za karibu, ubongo unakumbuka. Dawa zote tatu huziba vitasa hivyo. Buscopan haifiki sana kwenye ubongo, ila mbili zile zinafika. Kijana anaweza kuishia kusinzia na kukauka mdomo. Mzee mwenye tezi dume, zikimrundikia, anaziba mkojo na kuweweseka.

Si kwamba ni dawa mbaya, la. Atropini, ya ukoo huohuo, humwokoa mkulima aliyeingiwa na zile sumu za wadudu zinazofurisha asetilikolini mwilini. Hayosini huwatuliza wanaotapika kwenye boti ya Pemba. Tatizo ni umri, dozi, na kuchanganya.

Mzee akawekewa mpira wa mkojo, Piriton na Buscopan zikasimamishwa siku ileile, amitriptilini ikapunguzwa kidogo kidogo. Siku ya tano akauliza gazeti lake. Mawifi wanasema jini liliogopa mpira. Sawa, sibishani.

Mume wangu sasa akipiga simu nyumbani, salamu zikiisha tu anawauliza dada zake: 'Leo mzee kanunua nini dukani?'