Zamu ya Tarehe Mosi

Nyumba yetu ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, na mita ya LUKU moja tu. Koridoni ndiko kulikuwa baraza, sebule na mahakama. Mimi nilikuwa katibu wa umeme. Cheo hicho sikukiomba. Nilikuwa karani wa duka la vitenge, wakasema huyu ana mwandiko, nikakabidhiwa daftari.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila chumba kina zamu ya kununua umeme wa elfu kumi. Ukikaribia kuisha, anayefuata anatoa. Mwenye friji anatoa mara mbili. Mama Barafu, chumba cha mwisho karibu na choo, alikuwa na friza uani, akigandisha ubuyu na ukwaju kwa ajili ya wabeba mizigo wa Shimoni, sokoni. Yeye alitoa mara tatu, na hakuna aliyemnung'unikia, kwa kuwa watoto wa nyumba nzima walikula barafu zilizopasuka.

Januari 2014 ikaja. EWURA, wadhibiti wa bei, walikuwa wameridhia umeme upande kwa wastani wa asilimia 39, na TANESCO, shirika la umeme, walikuwa wameomba zaidi ya hapo. Ukame ulikuwa umeyapunguza maji ya mabwawa, mitambo ya dharura ilikuwa inakunywa mafuta, madeni yamejaa. Hayo tuliyasikia redioni. Koridoni tulichokiona ni kwamba uniti ya shilingi 221 imekuwa 306, kabla ya VAT na makato mengine. Elfu kumi iliyokuwa ikitupa uniti 37 ikawa inaleta 26 na ushee.

Hilo tungelimeza. Kilichotukaba ni sevisi chaji. Ilipanda kutoka 3,841 hadi 5,520, nayo ilikatwa yote kwa mkupuo kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Mwenye zamu tarehe mosi alitoa elfu kumi ileile kama wenzake, akarudi na kikaratasi ambacho uniti zake hazikuzidi 12.

Mwezi wa kwanza zamu ilimwangukia fundi cherehani wa chumba cha mbele, mzee mpole kabisa. Alikishika kile kikaratasi mbali na macho, kisha karibu, kisha akanipa mimi.

"Katibu, hebu nisomee. Hii elfu kumi yangu umeipeleka wapi?"

"Shikamoo mzee. Sijaipeleka popote, imekatwa."

"Marahaba. Nani kaikata?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa sauti ya kusikika hadi uani kwamba kinachokula umeme humu ni friza.

Basi hapo ndipo hasira ya nchi nzima ilipopata pa kutua. Makao makuu ya umeme yalikuwa Ubungo, mbali na nauli. Friza ilikuwa hatua kumi. Kijana wa chumba cha tatu akaambiwa sabufa yake inafukuza mita. Pasi ya umeme ikapigwa marufuku, ya mkaa ikarudi. Fundi akakata mota ya cherehani yake, akawa anakanyaga kama zamani, na kila akikanyaga alitutazama. Mama Barafu akapandisha barafu kutoka shilingi 100 hadi 200, akasema hawezi kuwa punda wa nyumba.

Na tarehe mosi watu wakaanza kupotea. Ikifika tarehe 30 uniti zimebaki nne, utasikia huyu kaenda msibani Kigamboni, yule simu haipatikani. Mara mbili tulilala giza, si kwa mgao wala kwa umasikini. Tulikuwa tunaviziana.

Jambo lililoniuma nililigundua baadaye, nikijumlisha daftari. Kulikuwa na bei ya wanyonge: mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 tu kwa uniti. Mpangaji wa kawaida kwetu, balbu mbili na redio, hakufika hata 20. Lakini mita haikujua habari za vyumba. Iliona nyumba moja yenye matumizi makubwa, ikatupiga bei ya wenye nacho. Bwana mmoja mwenye nyumba yake peke yake Tabata alikuwa analipa theluthi ya bei ya Fundi. Nililisema hilo koridoni, wakaniangalia kama niliyekuja kuwatetea wa Ubungo.

Mwishoni mwa mwaka ule Bunge likalipuka kwa sakata la fedha za umeme zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, na magazeti yakaandika shilingi bilioni 306. Kijiwe cha kahawa hakikuhitaji zaidi. "306 kwa uniti, bilioni 306 kwa wakubwa!" Namba hizo hazikuwa na undugu wowote, nililijua hilo, lakini nilicheka na wenzangu.

Aprili 2016 sevisi chaji ikafutwa na uniti ikashuka hadi 292. Siku ya Mwaka Mpya wa 2017, baada ya kutangazwa nyongeza ya asilimia 8.5, Rais Magufuli alimng'oa mkurugenzi wa TANESCO, na nyongeza ikazimwa. Narung'ombe walishangilia kama Simba kamfunga Yanga. Sisi tulikuwa tumekwisha kupewa notisi: nyumba inavunjwa, linapanda ghorofa. Fundi akarudi kwao Kilwa, Mama Barafu na friza yake wakaenda Mbagala, mimi nikapanga Magomeni, chumba chenye mita yangu mwenyewe.

Agosti 2021 nilinunua umeme, uniti zikaja pungufu kwa shilingi elfu moja. Ilikuwa kodi ya jengo, imehamishiwa kwenye LUKU; mpangaji akubaliane na mwenye nyumba wake, tukaambiwa. Ilikuwa inakatwa mara moja kwa mwezi, ununuzi wa kwanza.

Jioni ile simu ikaita, namba ya Mbagala.

"Katibu," akasema Mama Barafu, hata salamu hakunipa nafasi, "huku tuko wapangaji watano, mita moja. Lile daftari unalo bado?"